Neti ya Dani na Rafu Yangu

Maji yalipoingia chumbani kwa dada yangu mara ya kwanza, yalikuta kila kitu kimepanda juu isipokuwa uzi. Kitanda kilikuwa juu ya matofali, jiko juu ya stuli, yeye mwenyewe juu ya kitanda. Magunia ya uzi yalikuwa sakafuni, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine, na asubuhi yake alinionyesha maji ya rangi ya damu ya mzee yakitoka mlangoni kama pale ndani kumechinjwa kitu.

Dada yangu hufuma sweta za shule. Chumba chake kiko Silanga, mtaa wa mabanda karibu na bwawa, na hicho hicho ni nyumba na karakana: kitanda nyuma ya pazia, mashine ya kufumia mbele ya mlango ili apate mwanga, magunia popote palipobaki. Alisomesha watoto wawili kwa mashine ile. Sehemu ya karo yangu ya chuo kikuu pia ilitoka pale, jambo ambalo yeye hulisahau kwa makusudi na mimi hulikumbuka kwa aibu.

"Maji yakinilowanishia uzi mara nyingine," aliniambia akikamua, "nafunga mashine narudi nyumbani."

Nyumbani ni magharibi, kwenye shamba ambalo hajalitia jembe tangu aolewe. Nilimwamini. Mwaka alioamua kuacha sukari, aliacha siku ile ile, na bakuli bado lilikuwa limejaa.

Basi nikaamua kumwokoa. Mimi ninaishi Kawangware, kwenye nyumba ya mawe, ghorofa ya pili, ambako mafuriko ni habari ya redioni. Nafundisha kwa saa, naandika makala, na mkononi mwangu nyundo hukaa kama kijiko mkononi mwa mtoto. Lakini nilikuwa nimetazama video za wanaume wa ng'ambo ambao hata magari yao yamejengewa vyumba, na humo wametundika rafu za chuma darini na kupandisha kila walicho nacho. Niliona mwanga. Nikachora mchoro. Nikapiga hesabu ya uzito wa uzi mkavu, nikaupigia mstari mara mbili.

Fundi wa kuchomelea wa Kawangware aliutazama mchoro wangu kwa heshima aliyoweza.

"Prof, hii unaning'iniza kwa slabu ya zege ama kwa mbao?"

"Kwa mbao."

"Mbao ya nani?"

Nikacheka. "Mbao ni mbao, fundi."

"Haya. Wewe ndiye ulienda shule." Akavuta miwani yake ya giza akaanza kuchomelea.

Hapo inafaa nieleze jinsi nyumba za pale zilivyo. Ploti ya dada yangu ni safu ya vyumba vitano vya udongo chini ya paa moja la mabati. Boriti mbili ndefu hupita juu ya vyumba vyote, kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, na kwenye kila ukuta wa kati hukaa juu ya nguzo zilizofichwa ndani ya udongo. Kwa hiyo mtu akigongelea msumari chumba cha kwanza, kutu humwagika kwenye ugali wa chumba cha tano. Ndiyo maana watu wa pale wana desturi yao: anayetaka kugusa paa hubisha kwanza kila mlango. Hasemi mengi. Anasema tu, "Kesho napanda juu," na mwenye chumba hufunika sufuria, au humwambia kitu anachokijua kuhusu paa lile.

Dada aliniambia nibishe. Nilimwambia sawa. Halafu nikachagua Jumapili asubuhi, wakati ploti nzima iko kanisani, ili nisije nikasimama milango minne nikieleza sayansi kwa watu wanaonuka sabuni. Niliita hiyo busara.

Nikatoboa boriti, nikapitisha boliti, nikakaza nati. Rafu niliiweka karibu kabisa na ukuta wa jirani, kwa kuwa vitabu vinasema mzigo ukae karibu na mhimili wake. Vitabu vilikuwa sahihi. Dada aliporudi alikuta magunia yote sita juu ya kichwa chake, sakafu tupu kama imefagiliwa kwa ajili ya harusi, na mdogo wake amejaa kutu kwenye nywele. Alisimama akaangalia juu muda mrefu.

"Sasa nitacheza dansi wapi, kila mahali ni ukumbi," alisema, akanipikia kuku.

Ng'ambo ya ukuta ule aliishi mama muuza makaa pamoja na mama yake mzazi, mwanamke mzee sana kutoka upande wa ziwa ambaye ploti nzima ilimwita Dani, yaani bibi. Miguu ya Dani ilikwisha kukataa kazi. Alishinda kitandani, chini ya neti ya mbu iliyofungwa kwenye boriti, na fimbo yake kando. Kila asubuhi aligonga ukuta kwa fimbo mara mbili, na dada yangu alijibu mara mbili kwa mpini wa mkasi. Wakati mwingine hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao pekee ya siku, na iliwatosha.

Wiki chache baada ya rafu, Dani alianza kusema kwamba paa linashuka.

Bintiye alituambia akicheka, tukiwa tumesimama mlangoni kwake kati ya magunia ya makaa. "Eti neti inamfuata! Jana amesema inamgusa pua. Nimwambie nini?"

Nami, kwa kuwa mtu hawezi kukaa na maarifa bila kuyatoa, nilieleza. Nilisema uzee hubadilisha jinsi jicho linavyopima umbali. Nilitumia neno la Kilatini, ambalo hata sikuwa na hakika nalo. Mama muuza makaa aliitikia kwa kichwa, akaahidi kuacha kumbishia mama yake, maana ni umri. Nilirudi Kawangware nikihisi nimetoa huduma.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa dada, nakunywa chai, ukuta ukagongwa. Si mara mbili. Uligongwa mfululizo.

"Wewe mwenye vyuma," sauti ilisema ng'ambo. "Kuja."

Nikaenda. Dani alikuwa amelala chali, neti imemzunguka. Alinyoosha fimbo akanielekeza miguuni pa kitanda. "Lala hapo."

"Dani, mimi—"

"Lala, utazame juu."

Nikalala kinyume chake, viatu vikining'inia nje ya godoro, mtu mzima mwenye shahada mbili. Nikatazama juu.

"Binti yangu alipofunga hii neti, ilifika godoro tu, tukaikunja chini," alisema. "Sasa tazama."

Pindo la neti lilikuwa limepita godoro kwa kiganja kizima, limejirundika kila upande. Katikati ilikuwa imelegea hadi karibu na uso wake.

"Mimi nimezeeka, sawa," Dani alisema. "Na neti nayo imezeeka?"

Nilisimama juu ya stuli. Pale boriti ilipopita ukutani, udongo ulikuwa umepasuka ufa wa upana wa kiganja. Upande wa dada yangu ufa ule ulifunikwa na magunia yangu. Nikachukua bisibisi nikachimba chini ya ukuta mahali nguzo inapoingia ardhini. Bisibisi ilizama hadi mpini. Mti ulikuwa laini, mweusi, ukatoka vipande vipande kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mama muuza makaa alikuwa ameingia, amesimama nyuma yangu na mikono yake meusi.

"Hiyo imeoza tangu mafuriko," alisema. "Niliiona nikikandika ukuta. Hata msimamizi wa ploti anajua. Kwani hukubisha?"

Nilifuta bisibisi kwenye suruali. Alinitazama, kisha akamtazama mama yake, na nikaona sura yake ikibadilika, kwa sababu ndipo alipokumbuka neno langu la Kilatini.

Nje wingu lilikuwa limeshafunga upande wa vilima vya Ngong. Nilirudi kwa dada nikamweleza yote, haraka, na nikafika mahali ambapo bado hunichoma nikikumbuka. Nilisema, "Tumhamishe Dani alale kwako leo. Uzi ubaki juu hadi mvua ipite."

"Na hiyo mbao ikianguka, itaanguka na mabati ya nani?"

"Ni usiku mmoja, dada."

"Ungekuwa wewe ndiye uko chini yake," aliuliza taratibu, "ungetaka tuhamishe nini?"

Akavuta stuli. "Shika miguu yake isiteleze." Akapanda mwenyewe, akaanza kufungua kamba. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kilichokuwa kikishuka pamoja na magunia yale. Matone ya kwanza yaligonga mabati akiwa na gunia la pili mikononi.

Magunia mawili yalikaa kitandani kwake. Tulipobaki na manne, fimbo iligonga.

"Leteni huku. Mimi ni mdogo, kitanda kina nafasi."

Mawili yakaingia ndani ya neti ya Dani, moja kila ubavu, naye akayakumbatia kama wajukuu. Mawili ya mwisho tuliyaweka juu ya meza ya mashine, iliyokuwa fupi kuliko vitanda vilivyoinuliwa kwa matofali. Mimi na mama muuza makaa tulisimamisha bomba la chuma la mlango wa kibanda chake chini ya boriti kuitegemeza, na huo ndio ulikuwa uhandisi pekee wa maana siku ile, nao haukuwa wangu.

Maji yalipita alama ya mara ya kwanza. Yalifika meza. Boriti haikuanguka. Kulipokucha, gunia la uzi wa damu ya mzee na gunia la kijivu yalikuwa yamenyonya maji na kubadilishana rangi, na hakuna shule nchini inayovaa rangi ile yaliyoizaa.

"Ni mawili tu, dada," nilisema. "Manne yamepona."

"Nilisema uzi. Sikusema magunia mangapi."

Alifuma yale manne hadi yakaisha, akapeleka sweta shuleni, akafunika mashine kwa shuka. Hakunilaumu hata mara moja. Ningeomba anilaumu. Siku ya safari ya kurudi nyumbani aliingia kwa Dani akakaa humo muda mrefu, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na akanituma nimletee maji ya kunywa ambayo hakuyanywa.

Msimamizi wa ploti aliweka nguzo mpya. Nilirudi kuteremsha vyuma vyangu kabla mpangaji mwingine hajaingia, na safari hii nilibisha milango yote. "Leo napanda juu," nilisema, na watu wakafunika sufuria zao. Hakuna aliyenicheka, jambo lililoniumiza zaidi.

Nilikuwa juu ya stuli, spana mkononi, nikilegeza nati ya mwisho, ukuta ulipogongwa mara mbili. Nikasita. Kisha nikagonga mara mbili kwa spana, polepole, jinsi nilivyosikia mkasi ukigonga.

Ng'ambo fimbo iligusa sakafu.

"Si yeye," Dani alisema.