Ndege ya Mama na Sufuria ya Dani

Enzi zetu, na msinicheke kwa sababu bado navaa sare ya shule, umbali wa Nairobi hadi Kisumu haukuulizwa simu. Ulipimwa kwa sufuria, kwa vyakula vinavyoiva kabla mgeni hajafika. Safari ya basi ilikuwa maharagwe, wali na chai mara mbili. Ya ndege ilikuwa samaki mmoja tu, ngege wa kuchemsha.

Kipimo hicho kilikuwa cha bibi yangu, tuliyemwita Dani, pale Usoma, kando ya uwanja wa ndege wa Kisumu, ambapo ndege zilipita chini sana mpaka kuku wetu wakaacha kushtuka. Sisi watoto tulikimbiza vivuli vyake hadi kwenye ua wa uwanja, vumbi mpaka menoni. Mtoto wa leo akisikia ndege anauliza kama ina intaneti.

Nilipokuwa darasa la tatu, mama yangu, aliyefanya kazi Nairobi na kuja kwa basi kila Krismasi, alisema sasa atapanda ndege. Angelala usiku mmoja, kesho yake arudi. Nikatangaza mtaa mzima: Dani akiteleka samaki mama anapotoka, mama atafika kabla hajaiva. Okoth wa jirani, ambaye mamake alikuwa nyumbani kila siku, akasema mimi ni muongo. Tukapatana nikishindwa nitambeba mgongoni hadi ziwani, wasichana wakiona.

Asubuhi ya safari mama akapiga simu kwamba ametoka. Dani akateleka.

Samaki akaiva. Ndege ikashuka, nikakimbia barabarani, mama haonekani. Dani akaongeza maji. Ikashuka nyingine. Akaongeza tena, mpaka samaki akawa kama anaanza kuogelea upya. Okoth alikaa juu ya jiwe, miguu tayari kwa kubebwa.

"Kwani ndege ya mamako inasukumwa?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Kumbe mama alikuwa ametoka nyumbani kwake, si uwanjani. Foleni ya magari, kukaguliwa, kungoja, hayo ndiyo yaliyokula siku. Angani hakumaliza hata saa moja.

Alipofika, jua limelalia ziwa, nilikuwa nimeshambeba Okoth, mgongo unauma, nimenuna. Mama alinikumbatia na jasho langu lote. Akala yule samaki wa maji matupu, akafyonza hadi mifupa, akasema hajawahi kuonja mtamu hivyo.

Dani akamtazama. "Nairobi iko karibu, mama. Mlango wako ndio uko mbali."

Siku hizi binamu yangu mdogo anaifuata ndege kwenye simu tangu inaporuka, anakutajia kilomita na dakika zilizobaki. Muulize jikoni kunapikwa nini, hajui.

Nikimaliza shule huenda na mimi nikaenda Nairobi. Juzi nilimwambia Dani nitakuwa nakuja kwa ndege, kufumba na kufumbua niko hapa. Alicheka, akaendelea kumtoa samaki magamba.

"Wewe njoo tu," akasema. "Siku hizi nateleka nikishamwona mtu langoni."