Kisiwani Hugongwa Mara Tatu

Jamani, shangazi yangu ndiye mvuta pantoni wa mto wetu, na ana mikono migumu hiyo, akikusalimia utadhani umeshika gogo! Pantoni yenyewe haina injini. Ni mbao juu ya mapipa, anaivuta kwa kamba. Ukitaka kuvuka huiti, unagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa pale ulipo: mji wa huku mara moja, mji wa ng'ambo mara mbili, kisiwa cha katikati mara tatu. Ukigonga anakuja, iwe mvua iwe jua.

Ila kisiwani hakuna mtu tena. Mafuriko ya mwaka juzi, shangazi alivusha watu safari saba. Bibi, yaani mama yake mzazi, kila safari anakataa kupanda: "Tanguliza wenye watoto, mimi nitakuja na ya mwisho." Safari ya nane, anamfuata yeye sasa, kamba ikakatika katikati ya mto. Maji yakazoa nyumba zote, na bibi hatukumpata hata kiatu. Tangu hapo shangazi anataka kitu kimoja tu duniani, kumvusha mama yake.

Sasa Jumamosi asubuhi nimempelekea chai, ukungu mzito kama uji, mara tukasikia. Ngo. Ngo. Ngo.

"Shangazi! Umesikia?"

"Kila ukungu ukishuka nasikia. Nikienda sioni mtu, narudi mtupu."

"Sasa unaendea nini?"

"We ukiitwa na mama yako huitiki? Panda, au baki hapo na umbea wako."

Nikapanda, kiherehere changu hicho.

Tulipofika reli bado inayumba, na upepo hakuna hata wa kuzima kiberiti. Mtu hakuna. Shangazi akasimama mbele ya pantoni, akachungulia ukungu wee, kisha akashika kamba tuondoke. Mimi na mdomo wangu nikaropoka, "Lakini si alisema atapanda ya mwisho? Umeshawahi kumwambia kwamba ndiyo hii?"

Akanigeukia, macho yamemtoka. Halafu akaita, sauti ndogo kabisa, "Mama, wenye watoto wote wameshavuka. Hii ndiyo ya mwisho."

Pantoni ikainama kule nyuma, taratibu, vile inavyoinama mtu mzima akikanyaga. Na sisi wote wawili tuko mbele! Simu ninayo mkononi, lakini kupiga picha nani athubutu? Shangazi akavuta, jasho linamtoka, hakugeuka hata mara moja.

Tulipofika ukingo wa kwetu, nyuma ya pantoni ikainuka. Shangazi akashuka, akakunja mkono kama anayeshikiwa kiwiko, akaanza kupanda njia ya nyumbani polepole mno, hatua, pumzi, hatua. Nikataka kupita mbio.

"Wee! Rudi nyuma," akanong'ona. "Unampitaje bibi yako?"