MP3 ya Mama

Mama hataki simu kubwa. Anasema kioo kinateleza, na macho yake hayaoni kilichoandikwa. Kwa hiyo baba alipofariki, nilizunguka maduka ya hapa Kibaha kumtafutia MP3 ndogo yenye vitufe, nimwekee sauti za baba zilizobaki kwenye simu yangu. Kule kijijini Mzenga mama alikuwa hali, haongei, na niliogopa kwamba atamfuata.

Sharti langu lilikuwa moja, na lilimchosha muuzaji. MP3 ikubaliane na kompyuta yangu kuukuu niliyokuwa nimeibeba, inayotumia Linux. Windows iliielemea zamani. MP3 ya kwanza ilidai programu yake ya Windows ndipo ipokee kitu. Ya pili haikuonekana kabisa. Muuzaji akaniuliza, dada, kwa nini usinunue kompyuta kama za wenzako. Nikamwambia aninunulie yeye. Ya tatu, ya bei ya chini kuliko zote, ilifunguka papo hapo kama flashi. Rahisi huvunja upishi, lakini niliichukua.

Nilinakili sauti kumi na moja. Nyingi ni baba akinisalimia, au akilalamikia ngedere walioharibu mahindi. Katika moja anageuka pembeni na kuita, "Mama watoto, njoo." Niliiweka nayo kwa sababu ndiyo niliyoipenda zaidi. Hapo ndipo nilipokosea. Mama mwenyewe alitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Kisicho mtu hakiwezi kuita kikafikisha mara tatu. Ikifika ya tatu, itika. Mimi nikaiweka MP3 ijirudie yenyewe, mama asihangaike na vitufe.

Nilipompelekea, alibadilika haraka. Jirani alinipigia kunieleza kwamba sasa mama anakula, anafagia uwanja, anaimba. Kusema kweli nilijisifu. Jirani akaongeza kwamba amegawa kanga zake zote mpya, na mimi nikaona ni ukarimu wake tu.

Ijumaa moja, kama nilivyomwahidi, nilikwenda kumwona, kompyuta begani, nimwongezee kaswida. Alinipokea kwa furaha, akarudi jikoni. Nilipochomeka MP3, kompyuta ilionyesha faili moja ambayo sikuiweka mimi, kwenye folda ya kurekodi. Nikajua amebonyeza kitufe kwa bahati mbaya, nikategemea kusikia kuku. Kifaa kile kikirekodi hakiwezi kutoa sauti. Nilisoma maelezo yake dukani. Nikavaa visikilizio.

"Abee, mume wangu," mama alisema.

Kikafuata kimya kirefu, cha mtu anayemsikiliza mwenzake.

"Ulipofikisha mara ya tatu nikajua ni wewe."

Kimya tena, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nilitaka kuzima, lakini nilikuwa natega sikio kwenye kile kimya, nikitafuta sauti ya pili. Sikuisikia. Mama aliisikia, maana alijibu.

"Nakuja," alisema. "Ila nivumilie mpaka Ijumaa. Mwanao anakuja, nataka nimpikie kwanza."

Nilivua visikilizio. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali, amevaa gauni lake la Idi, ananiambia niache mashine yangu, ninawe mikono, tule.