Ncha ya Etrogi

Mji wetu wote wa Wayahudi ulitumia etrogi moja kwa ibada, tunda kama limau kubwa, na mtunzaji wake alikuwa Pinkhas. Sikukuu ya Vibanda nzima alitufokea bila haya: "Usiguse ncha! Ikikatika, sote hatuna ibada!"

Sikukuu ikiisha, ncha ile huumwa na mjamzito ili ajifungue salama. Pinkhas ndiye aliyewapelekea wajawazito tunda hilo.

Mwaka ule alilipeleka tunda nyumbani, kwa mkewe Yakhne. Hawakujaliwa mtoto.

"Uma, Yakhne."

"Umerukwa na akili? Na mvi zote hizi, nizae nini?"

"Usizae kitu. Miaka yote nawapelekea wake za watu, wewe unatazama tu."

Yakhne akaiuma ncha, akakunja uso.

"Chungu," alisema, akauma tena.