Kikohozi Nyuma ya Mgomba

Mwandishi wa tamthilia akiishiwa akili huwakalisha watu mezani. Weka baba, mama na mkwe, weka bakuli la mchuzi katikati, kisha mmoja aseme neno ambalo halikupaswa kusemwa. Kazi imekwisha. Ujanja huo umenilisha miaka zaidi ya kumi, kwanza Dar es Salaam nikiwaandikia wengine, na sasa hapa Bulyaga, Tukuyu, nilikopanga vyumba viwili na ninakotuma miswada kwa simu siku ambazo mvua haijaondoka na mtandao.

Nilirudi Tukuyu kwa sababu ya kazi. Sikushindwa mjini, ingawa majirani wana maoni yao. Mwongozaji wangu alitaka tamthilia ya familia ya milimani, yenye migomba na ukungu. "Dada, wewe ndiye mwenyeji," aliniambia, "tuandikie watu wa kwenu." Nikavimba kichwa. Nikamwandika mjane kijana anayeishi kwa baba mkwe wake huku mashemeji wakiligombea shamba, na katika sehemu ya tano nikawakalisha mezani, mjane na mzee. Mjane akamkazia mzee macho, akampasulia ukweli, akamsukumia sahani kifuani. Mwongozaji alipiga simu kuniambia sini ile ya mezani ina moto.

Siku iliporushwa nilikuwa Kisondela kwa mama yangu, mbele ya runinga niliyompelekea kwa bodaboda, nimeifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Wakosoaji wa mjini nawasikiliza kwa sikio moja. Mama namsikiliza kwa yote mawili. Sahani iliposukumwa, alinyanyuka akachomoa waya ukutani.

"Hii luninga yako uludi nayo," alisema.

Nilidhani ananitania. Jumapili iliyofuata wanawake wenzake kanisani walimuuliza kama alinilea yeye au nililelewa stendi. Hapo nikajua maji yamezidi unga.

Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Tunaita ukutila, yaani kuogopa, ila ni woga wa heshima. Mwanamke akimsikia mzee anakuja njiani, huingia migombani akajifunika kitenge kichwani mpaka apite. Hali naye chakula. Hatamki jina lake. Vijana wengi wameacha, lakini mama yangu hakuacha hata siku moja, na alikuwa mjane tangu mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni. Kisondela nzima ilijua yule mjane wa kwenye tamthilia nimemtoa wapi. Sasa walikuwa wamemwona akimsukumia mkwewe sahani. Niliona aibu, na bado naiona. Desturi niliijua vizuri sana. Nilikuwa tu nimeandika nyumba ya mama yangu bila kumkumbuka mama yangu.

Wiki tatu runinga ilikaa imefunikwa kitambaa. Nami nilidaiwa sini ya mjane na mzee kupatana, ya kufunga msimu, na kila nilipojaribu kuiandika watu wangu walirudi mezani wenyewe. Mwisho nikapanda kwa mama, nikakaa naye barazani kupukuchua maharage. Tulipukuchua nusu debe kwanza.

"Mama," nikamuuliza, "babu alipotaka kukuambia jambo, alifanyaje?"

"Alikohoa," alisema. "Mala mbili. Halafu anaongea na mgomba."

"Na mgomba?"

"Anasimama nyuma ya nyumba, mimi niko jikoni. Anasema, 'Wewe mgomba, maharage yako yanalowa.' Mimi natoka mbio kwenda kuanua." Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu siku ya sahani. "Mpaka anakufa sikuwahi kumwona uso. Namjua kwa kikohozi."

Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Baada ya baba yangu kuzikwa, baba zangu wadogo walianza kulipima shamba kwa hatua, na yeye akafunga nguo zake ili arudi kwao. Asubuhi ile alisikia kikohozi. Mzee akauambia mgomba, "Mgomba, usihame. Shina lako liko hapa. Atakayekung'oa aanze na mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Mkwe hajibu, mwanangu." Alitia maharage kwenye ungo akaanza kupepeta. "Hata ndaga sikumwambia."

Kwetu baba ni tata, na asante ni ndaga. Inatosha pia kwa pole na hongera, ndiyo maana hatuhitaji maneno mengi.

Niliandika sini siku ile ile, bila meza. Mwongozaji akaja juu. "Mzee anaongea na mgomba? Watazamaji watasema amerukwa na akili." Nikamjibu kwamba kama anataka meza atafute mwandishi mwingine, halafu nikakaa siku mbili nikichungulia simu, maana angeweza kumtafuta na kumpata. Siku ya tatu akaandika ujumbe: "Sawa. Anakohoaje?"

Mwigizaji wetu aliyecheza mzee, mtu wa pwani, alikuwa anakohoa kama mwenye mafua. Nikampelekea mama simu nimrekodi, mwigizaji apate cha kuiga. Aliangalia huku na huku kana kwamba mzee yuko karibu, akajikohoza: kikohozi cha kwanza kikavu, cha pili cha kuvuta. Babu alikufa nikiwa darasa la pili. Lakini kikohozi kile nilikitambua.

Tulitazama marudio, Jumamosi mchana. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba anataka tu kuona kama wamekihalibu kikohozi. Alikaa na ungo wake wa mchele mapajani, amenuna kwa makusudi. Katika runinga mjane alikuwa jikoni anafunga nguo. Nje, nyuma ya migomba, likaonekana koti la mzee.

Akakohoa mara mbili.

Mama alijua kikohozi kile kimetoka kooni mwake mwenyewe. Hata hivyo aliweka ungo chini, akavuta kitenge kichwani, akaingia upesi nyuma ya mlango na kugeukia ukuta. Mchele ulimwagika nami sikuuokota. Mzee akauambia mgomba usihame, akamaliza, na mwigizaji akanyamaza kama nilivyoandika, sekunde chache tu, za mtu asiyetazamia jibu.

Nyuma ya mlango mama alisema polepole, "Ndaga, tata."