Kaye ya Mulima na Ukurasa wa Mupishi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na buti miguuni na kamba begani, nikifikiri tunaenda kupanda mulima. Chef wa bureau, mukubwa wa ofisi yetu, alinitazama, akanisukumia vitabu vitatu na kaseti za video. "Weye, keti kwanza. Soma." Nikasoma miezi miwili hapa Bunia, na Ruwenzori yenyewe, mulima wa theluji, sijaiona hata kwa mbali.

Ndiyo ilikuwa kazi yetu, wajukuu: kutayarisha watu wanaoenda kwenye theluji. Tuliwasha jenereta, tukawaonyesha filme za ugonjwa wa mulima: kichwa kinauma, mutu anaanza kusema ovyo, hapo unamushusha mbio, haumubembelezi. Tulipanga siku, unga, makaa, nani anabeba nini. Yote iliingia mu kaye, daftari la safari, kila mutu na ukurasa wake: jina, aina ya damu, kijiji cha asili. Kwa hiyo ya mwisho Chef alikuwa mukali sana. "Mutu akifia juu, tutamupeleka kwa nani? Andika asili!" Miye niliandika na herufi kubwa, na nilijisifu kwa mwandiko wangu.

Kisha vita ikaingia Ituri. Kwenye barrière, vizuizi vya wenye silaha barabarani, walikuwa wanauliza mutu anatoka wapi, na jibu likiwa baya, hafiki mbele.

Hata hivyo safari moja iliruhusiwa: wataalamu wawili wa mimea, guide aliyeongoza njia na kuendesha gari, na mupishi wetu Dieudonné. Jina kama hilo halionyeshi kabila, na lilikuwa limeshamupitisha mara nyingi. Asubuhi gari likaenda kumuchukua kwake Mudzipela, mutaa wa hapa mujini. Miye nilibaki nikipanga kaseti, mara nikakumbuka. Kaye! Iko mu gari, watu wa barrière wanasoma kila karatasi, na ni miye niliandika kijiji chake!

Mungu wangu. Nilimunyang'anya sentineli wa mulango kinga yake, ile baiskeli, nikaikanyaga mpaka Mudzipela, shati imelowa, nikiomba kwa sauti kama mulevi. Gari lilikuwa lingali pale, Dieudonné anafunga sufuria zake. Nikachana ukurasa wake mbele ya macho yake.

Akanishika mukono. "Yaya, mukubwa wangu, na nikifia kule juu? Mama atajua namna gani?"

"Nitaenda miye mwenyewe. Kijiji chako niko nacho mu kichwa."

"Apa."

Nikaapa. Karatasi akaitia mu babula, kwenye makaa ya chai ya muke wake.

Kutwa nzima nilikaa kando ya phonie, ile redio ya kusemeshana na gari. Chef akanikuta pale.

"Kaye ilitoka kamili?"

"Hapana, Chef. Ukurasa wa mupishi nimeuchana."

Nilingoja matusi. Akavuta kiti, akaketi nami. Saa kumi sauti ya guide ikatoka: "Walisoma kaye yote na kidole. Tumepita, wote wanne." Nililia bila haya, na Chef akageuka upande wa dirisha.

Dieudonné alirudi muzima. Leo nimepumzika kazi, na vijana munaangalia mulima mu telefone. Ni vizuri, someni, ila kichwa kikiuma mushuke. Lakini siku ya kujaza dosiye yangu ya mwisho, ile ya pansheni, agent mumoja, binti mupole, alinirudishia fomu.

"Muzee, umesahau hapa, kwa asili."

"Sikusahau, binti yangu."

"Bila hii dosiye haitapita."

Nikasimama, nikamurudishia bic yake, na pale kwa asili pakabaki patupu.