Bado

Programu niliyowaandikia wapakiaji wa omena, vile vidagaa vya ziwani, pale ufuoni Usenge ilininyima raha wiki nzima. Kikombe kimoja kilikuwa sehemu ya kumi ya kilo. Vikiingia kumi kwenye pakiti ya kilo, iandike "Imejaa". Ikaandika "Bado". Nikahesabu upya, nikazunguka ufuoni, nikarudi nikaitukana. Kumbe kompyuta haiwezi kuishika 0.1 kamili, hukadiria tu, na jumla yake ilikuwa 0.9999999999999999.

Nikamweleza mama mmoja aliyekuwa akipima. Akacheka.

"Baba, kwani ukishapima huweki nyongeza?"

Akatupia omena chache juu ya pakiti.

Nikaongeza chembe ya namba kwenye jumla. "Imejaa."

Mamangu alinisomesha kwa kuuza omena sokoni Otonglo. Yeye alipima, wa kuweka nyongeza nilikuwa mimi.